Mudiri na Mwalimu Mkuu

Hapa Munuki, kama kwingineko mjini Juba, mkuu wa shule ya msingi huitwa mudiri. Neno hilo tumelirithi kutoka Kiarabu cha Sudan, ambako mudiri alikuwa mtawala wa jimbo zima, na jimbo lenyewe likiitwa mudiria. Wasomaji wa Unguja nao watalikumbuka, maana katika enzi ya Sultani chini ya himaya ya Waingereza mudiri alikuwa ofisa wa serikali mwenye kuwasimamia masheha. Tangu asili yake, basi, neno hili lina harufu ya ofisi, muhuri na amri. Kiswahili cha shule za Tanzania na Kenya kilichagua jina jingine, mwalimu mkuu: mtu ambaye ni mwalimu kwanza, na ukuu wake ukafuata. Nataka kuonyesha kwamba tofauti hiyo si ya maneno matupu, hasa pale shule inapopewa watu wa kufundisha ambao hawajafundishwa kufundisha. Sisi katika Sudani Kusini tunao wengi wa namna hiyo, na wenzetu wa Tanzania walikwisha kupita njia hii kabla yetu.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe wameandikishwa ifikapo Novemba 1977. Hapo awali lengo lilikuwa mwaka 1989. Miaka 12 ilikatwa kwa kikao kimoja! Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza kwa vyovyote kutoa walimu wa kutosha katika muda huo. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1976, Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka katika shule za vijijini wafundishe huku wakijifunza. Sehemu ya siku walishika chaki. Sehemu nyingine walisoma masomo yaliyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Mwishoni mwa mafunzo ya miaka mitatu walikwenda chuoni kwa majuma machache tu. Mpango huo ulipofikia ukingoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana zaidi ya 35,000 walikuwa wamepata ualimu kwa njia hiyo.

Sasa na tujiulize: chuo cha vijana hao kilikuwa wapi? Si katika kijitabu cha posta, kwani kijitabu hakiwezi kumwambia mtu kwamba ameusemesha ubao badala ya kuwasemesha watoto. Wala si katika redio. Mratibu Elimu wa Kata alikuwapo, lakini alikuwa na shule kadhaa za kupitia, na njia za vijijini wakati wa masika kila mmoja wetu anazijua. Aliyebaki na mwanagenzi kutwa, tangu kengele ya asubuhi hadi jioni, alikuwa mwalimu mkuu pamoja na wale wachache waliosomea kazi. Hapana budi yeye ndiye aliyepanga ratiba ili kijana apate saa za kusoma, akaamua nani apewe darasa la kwanza, akalipitia andalio la somo kabla halijawafikia watoto. Shule yenyewe ikawa chuo, naye akawa mkufunzi bila ya kuitwa hivyo.

Mpango huo ulipata dhihaka nyingi. Herufi za UPE, zilizokuwa jina la elimu ya msingi kwa wote, watu walizigeuza zikawa "Ualimu Pasipo Elimu". Dhihaka haikukosa sababu: madarasa yalifurika, vitabu na madawati vikawa haba. Hata hivyo naona haikuwatendea haki vijana wale. Lawama yangu ningeielekeza kwingine. Wakuu wa shule walitwikwa kazi ya kuwalea walimu, na wengi wao hawakuwa wamefundishwa kazi hiyo hata siku moja. Mtu hodari wa kufundisha hesabu si lazima awe hodari wa kumwambia mwenzake, pasipo kumvunjia heshima, kwamba somo lake limeharibika. Chuo cha uongozi wa elimu cha MANTEP, huko Bagamoyo, kilikuja baadaye. Tangu mwaka 2001 ni wakala wa Serikali uitwao ADEM. Kenya nayo ilichelewa vivyo hivyo. Ni kati ya 1996 na 2000, katika mpango ulioitwa PRISM, ambapo wakuu wa shule za msingi za umma, zaidi ya 16,000, walifundishwa uongozi wa shule. Mwaka 2001 ukafuata mpango wa kuwaendeleza walimu shuleni mwao: kila shule ikateua walimu watatu wa kuwaongoza wenzao, mmoja wa Kiingereza, mmoja wa hesabu, mmoja wa sayansi. Kiswahili hakikuwamo, jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita kimya.

Mimi mwenyewe nilijifunza Kiswahili nikiwa mtoto katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992. Waliotufundisha aghalabu walikuwa wakimbizi kama sisi. Mkuu wetu alikuwa na desturi ya kuketi dawati la nyuma, daftari likiwa magotini. Somo likiisha alitoka na mwalimu hadi chini ya mti, wakazungumza. Sisi tulidhani mwalimu anagombezwa. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kupata diploma na kupangiwa kazi yangu ya kwanza, nilingoja mtu aje aketi nyuma ya darasa langu. Mkuu wangu wa hapo aliingia mara moja tu kwa mwaka mzima, akahesabu madawati, akatoka. Sikumchukia, hakuna aliyemwonyesha zaidi ya hapo. Lakini makosa niliyoyafanya mwaka ule niliyarudia miaka mitatu, na waliolipa gharama yake ni watoto.

Najua majibu ya mudiri wa Juba. Mishahara huchelewa miezi mingi, walimu huondoka kutafuta riziki, na ofisini kuna foleni. Ni kweli tupu. Ila kuketi darasani kwa kipindi kimoja hakuhitaji fedha ya mtu.

Katika shule ninayofundisha sasa, mudiri ameanza jambo hilo muhula huu. Juma lililopita alikuja katika somo langu la ngeli, akachagua benchi karibu na dirisha. Katikati ya kipindi karani akamwita: wazazi wawili wako mlangoni, wanataka barua za uhamisho. Aliomba wasubiri mpaka kengele ilie, akaendelea kuandika.