KidPad

KidPad ni programu ya kompyuta ya kuchora na kusimulia hadithi. Ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na kundi la watafiti lililowajumuisha Allison Druin na Benjamin Bederson. Upekee wake ni kwamba watoto kadhaa huitumia kwa wakati mmoja kwenye kompyuta moja, kila mtoto na kipanya chake.

Hadithi ya KidPad haina kurasa za kufunua. Mtoto huchora nyumba kwenye uwanja mpana, huivuta karibu mpaka dirisha lijae skrini, kisha huchora humo chumba na watu wake. Michoro ikishaunganishwa kwa viungo, msimulizi huwapitisha wasikilizaji tukio baada ya tukio.

Programu hii ilikuzwa zaidi katika KidStory (1998–2001), mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kufanyika katika shule za Sweden na Uingereza. Watoto wenyewe walishiriki kubuni vifaa: walichora walivyovitaka, na kisichowapendeza walikisema.

Penye kipanya kimoja, mmoja hutunga na mwenzake hutazama, au hukigombania. Lakini hata kila mmoja akipewa chake, huenda wakagawana skrini, kila mtu na lake. Watafiti hawakutaka kuwalazimisha kushirikiana. Waliamua ushirikiano uwe na faida inayoonekana. Kalamu moja ya rangi huchora mstari wa kawaida tu. Watoto wawili wakichora huku kalamu zao zimekaribiana, nafasi iliyo kati yake hujaa rangi, na kama rangi ni mbili tofauti, huchanganyika. Mwenye njano anayetaka jua la rangi ya chungwa ana sababu ya kumwita mwenye nyekundu, na hapo ndipo mazungumzo ya hadithi yenyewe huanza: jua linachomoza au linatua? Huu ndio ubunifu bora kabisa wa KidPad. Ulielezwa katika CHI, mkutano wa watafiti wa matumizi ya kompyuta, huko The Hague mwaka 2000.

Scratch, programu ya watoto iliyozinduliwa na chuo cha MIT mwaka 2007, ilifuata njia nyingine ya ushirikiano: mtoto huchukua kazi ya mwenzake wa mbali mtandaoni na kuiendeleza, na mtunzi wa kwanza hutajwa.

Vishikwambi vya leo hutambua vidole vingi kwa pamoja, hivyo kikwazo cha kipanya kimoja kimeondoka. Kazi imebaki kwa watengenezaji programu: kuwapa watoto wawili walioketi pamoja sababu ya kutunga hadithi moja.