Anwani za intaneti zimeadimika, nani anaumia?

Sisi watu wa Pwani tunakumbuka nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009. Tangu hapo kasi ya intaneti imepanda. Lakini waya pekee hautoshi. Kila kifaa mtandaoni huhitaji anwani, yaani namba ya kukitambulisha, na namba hizo zimeadimika.

Mfumo wa zamani, IPv4, una anwani kama bilioni 4.3 tu, ilhali watu duniani wamepita bilioni 8. Machi 2010, shirika la ICANN lilipokutana jumba la KICC, katikati ya Nairobi, akiba ya dunia ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10. Februari 3, 2011, mafungu ya mwisho yaligawiwa mabara. Mgawaji wa Afrika ni AFRINIC, yenye makao Mauritius. Tangu Januari 2020, kampuni haipewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja.

Basi kampuni za intaneti hufanyaje? Huwagawanya wateja wengi kwenye anwani moja. Bila njia hii wengi tungebaki nje, lakini ina gharama. Ofisi kubwa za katikati ya jiji hulipia anwani zao wenyewe. Huku Kangemi na Kawangware, magharibi mwa jiji, sisi wapangaji wa ploti tunatumia anwani moja na watu tusiowajua. Mmoja akisambaza barua taka, tovuti huifungia anwani hiyo, na sote twafungiwa. Mwenye duka akitaka kutazama kamera zake akiwa safarini, hupata shida. Polisi wakimsaka tapeli, anwani huwaelekeza kwa umati mzima.

Dawa ya kudumu ni IPv6, iliyozinduliwa kimataifa Juni 6, 2012. Anwani zake hazitaisha kwa vizazi vingi. Kwa kuwa mifumo hii miwili haiongei moja kwa moja, kampuni hulazimika kuiendesha yote sambamba, na hapo ndipo wengi husitasita.

Rai yangu ni hii: muulize anayekuuzia intaneti kama anatoa IPv6. Simu nyingi za kisasa ziko tayari. Kaunti na shule zikitangaza zabuni za mitambo, ziweke sharti hilo. Kugawana kutatusogeza, lakini anayebanwa zaidi ni yule asiyeweza kulipia anwani yake.