Mlima Brocken: Kutoka Mahakamani hadi Ngano

Mlima Brocken, wenye kimo cha mita 1,141, ndio mrefu kuliko yote katika safu ya Harz nchini Ujerumani. Masimulizi ya huko yasema kwamba usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei wachawi huupanda kwa fagio na mbuzi ili wacheze ngoma na Ibilisi. Msomaji wa Kiswahili hatakosa jina la kuliita tendo hilo: kuwanga.

Aghalabu ngano huchukuliwa kuwa mali ya kale isiyo na mtunzi. Historia ya Brocken yaonyesha vingine. Sheria ya jinai ya mwaka 1532, iliyotolewa chini ya Kaisari Karl V, iliamuru mchawi aliyedhuru watu achomwe moto, nayo iliruhusu mateso katika kumhoji mshtakiwa. Aliyeteswa aliulizwa alicheza wapi na akina nani. Akataja mlima, akataja na majirani, nao wakakamatwa. Hivyo ngoma ya mlimani ilikuzwa na maswali ya mahakimu. Yakadiriwa kuwa watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa kote Ulaya, wengi wao wanawake.

Mwaka 1668 Johannes Praetorius alichapisha kitabu kizima juu ya ngoma hiyo. Goethe, aliyeukwea Brocken Desemba 1777, aliitumia katika sehemu ya kwanza ya tamthilia yake Faust, iliyotoka mwaka 1808. Mintarafu ya tamthilia hiyo, jambo moja husahauliwa. Katikati ya shangwe, Faust aona sura ya Gretchen, msichana aliyemwacha, akiwa na mstari mwekundu shingoni: dalili ya upanga unaomngoja. Goethe hakuiacha ngoma bila mhukumiwa wake.

Utalii umeiacha. Reli ilifika kileleni mwaka 1899. Kuanzia 1961 eneo hilo lilifungwa kwa sababu za mpaka wa Ujerumani mbili, hadi waandamanaji walipolifungua tarehe 3 Desemba 1989. Leo wageni hupanda kwa garimoshi na kununua vinyago vya wachawi wanaocheka. Mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuuliza ni nani aliyelazimishwa kusimulia kwanza, kabla hajaisifu ngano kwa utamu wake.