Jina la Selous katika Nchi ya Rufiji

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa njia ya kusini, akifika Kibiti, aweza kuiacha barabara kuu iendayo Ikwiriri na Lindi, akashika njia ya magharibi mpaka Mloka. Mbele ya Mloka lipo lango la Mtemere, na ng'ambo ya lango huanza pori ambalo kwa muda wa miaka 97 ramani zililiita Selous. Wenyeji walikuwa na jina lao. Wao waliliita Shamba la Bibi, na wako wengi waliitao hivyo hata leo.

Yasimuliwa kwamba Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alimpa mkewe pori hilo kuwa zawadi mwaka 1907. Mimi naiona habari hiyo ina sura ya ngano kuliko ya historia. Lakini ngano nayo ina ushahidi wake. Mtu hawezi kuiita nchi shamba la bibi wa mbali ila akiwa amekwisha kuambiwa kwamba si shamba lake. Na mwaka unaotajwa si wa bure. Mwaka 1907 ndipo vita vya Maji Maji vilipomalizwa, vita vilivyopata nguvu kwa dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi wa Agosti 1905. Katika kuvizima vita hivyo askari walichoma vijiji na kuteketeza chakula, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mahali palipolimwa palirudi kuwa msitu, na tembo wakaingia palipokuwa na mihogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nchi ambayo baadaye wageni waliisifu kuwa ni nyika isiyoguswa na mtu, ilikuwa imeguswa sana.

Basi jina la Selous lilifikaje huku? Asili yake si ya Kiingereza hasa. Ni jina la ukoo wa Waprotestanti wa Kifaransa waliohamia kisiwa cha Jersey, na ndiyo sababu huandikwa kwa herufi sita lakini hutamkwa Selu. Baba yake Bwana Frederick Courteney Selous alizaliwa akiitwa Slous, kisha akaongeza herufi moja. Ukoo huo ulikuwa na watu wa namna nyingi: Henry Courtney Selous alikuwa mchoraji, na Edmund Selous, ndugu yake huyu wetu, alijulikana kwa kuchungua tabia za ndege. Frederick mwenyewe alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, akawinda tembo katika nchi ya mfalme Lobengula kwa idhini yake. Na mwaka 1890 yeye ndiye aliyewaongoza njia watu wa Cecil Rhodes walipokwenda kuitwaa nchi ya Mashona. Huyo ndiye mtu. Mwindaji hodari alikuwa, na mtazamaji mwema wa wanyama. Lakini msomaji asisahau kwamba aliijua njia, na njia hiyo akawaonyesha walowezi.

Rufiji hakuikalia kamwe, ila vita ndivyo vilivyomleta. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilijificha katika mikono ya mto, kwenye mikoko ya delta, hata Waingereza wakaleta meli mbili za maji machache, Severn na Mersey, zikaiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliokolewa ikapelekwa bara, vita vikaendelea nchi kavu. Mwisho wa mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamerudi nyuma mpaka bonde la Rufiji, nao Waingereza wakawafuata kutoka kaskazini. Kepteni Selous, mzee wa miaka 65, alipigwa risasi akafa Behobeho tarehe 4 Januari 1917. Alizikwa hapo hapo, na kaburi lake lingalipo, jiwe bapa lisilo na makuu. Mwanawe aliuawa vitani Ulaya mwaka mmoja baadaye, siku ile ile ya tarehe 4 Januari.

Mwaka 1922 serikali ya Kiingereza iliyaunganisha mapori ya akiba ya Wajerumani na kuyapa jina la marehemu. Pori likazidi kupanuliwa, na katika miaka ya 1940 watu wa Liwale waliondolewa makwao kwa kisa cha ugonjwa wa malale. Jina lilikwenda pamoja na mipaka: kila mpaka uliposogezwa, watu walijikuta ndani ya Selous pasipo wao kuhama. Mwaka 1982 pori hilo liliandikwa katika Urithi wa Dunia, likiwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 50,000.

Wakati huo huo jina lilikuwa likitembea kwingine. Liko Zimbabwe, kwa kituo kimoja kati ya Harare na Chegutu. Liko Kanada, kwa mlima mmoja wa Yukon. Yuko nguchiro aitwaye kwa jina hilo, na pundamilia pia, nao ni wanyama wa kusini mwa Afrika. Yule nguchiro hapatikani kabisa katika pori lililoitwa Selous. Hayo ni mambo ya wataalamu wa wanyama na wachora ramani, wala hayamdhuru mtu.

Lililodhuru ni hili. Mwaka 1973 walowezi wa Rhodesia waliunda kikosi cha siri cha kuwawinda wapigania uhuru, wakakiita Selous Scouts. Mwezi wa Agosti 1976 kikosi hicho kilishambulia kambi ya Nyadzonya katika Msumbiji, na watu zaidi ya elfu moja wakauawa. Miaka hiyo Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na vijana wa Zimbabwe walifundishwa vita Mgagao, mkoani Iringa. Ikawa basi, nchi iliyowapa vijana hao silaha na chakula ilikuwa na pori lenye jina la waliowaua. Sikuona ajabu kwamba watalii hawakulifikiri jambo hilo; naona ajabu kwamba ilikuwa hadi 2019 ndipo jina lilipoguswa, yaani miaka 39 baada ya kikosi kile kuvunjwa na Zimbabwe kupata uhuru.

Mwaka huo 2019 sehemu ya kaskazini ya pori, yenye kilometa za mraba karibu 31,000, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Korongo lililoitwa Stiegler, kwa jina la mgeni ambaye husemwa aliuawa na tembo, lilijengewa bwawa, nalo likaitwa Julius Nyerere. Mitambo yake ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 2024. Nyerere nalo ni jina lililosafiri. Kwa Kizanaki maana yake ni viwavi, na baba yake Mwalimu alipewa kwa sababu ya viwavi walioivamia nchi alipozaliwa. Leo ni jina la hifadhi, la bwawa na la uwanja wa ndege.

Kwa mabadiliko hayo jina la Selous limebaki upande wa kusini tu, katika sehemu ya pori la akiba iliyosalia. Behobeho iko upande wa kaskazini. Hivyo mwenye jina amelala Nyerere, na Selous imemhama. Mfano wake uko pwani pia: wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka wilaya ya Rufiji, delta ilikwenda Kibiti pamoja na Salale, Msala, Mbuchi na Maparoni, hata leo delta ya Rufiji haimo katika wilaya ya Rufiji.

Waliokuwa pamoja na Selous mwaka 1917 hawakupewa pori. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza walikufa zaidi ya 40,000 katika vita vile, wengi kwa njaa na kuhara katika mvua. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, watu wakakitamka kama walivyokisikia, na kambi yao ya Dar es Salaam ikashika jina hilo. Sasa ni soko, ambako mchele na samaki wa Rufiji huuzwa: Kariakoo.