Grisi ya fundi Rüter: mashine iliyolala chini ya ziwa letu

Leo ni zamu yangu ya kuandika. Wengi wetu tunapenda kuandika juu ya marais na vita. Mimi nimechagua fundi wa mashine, kwa sababu kazi ya mikono yake imegusa familia yangu, na pengine ya kwako pia.

Wale mliotoka Uvira, Fizi, Kalemie, Rumonge ao Kigoma, wote mnajua meli Liemba. Mzee wako kama hakuipanda, aliiona ikipita. Lakini wangapi wanajua kwamba hiyo meli iliwahi kulala chini ya maji miaka mingi, na ikafufuka?

Tuanze mbali. Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, kiwanda cha Meyer kilijenga meli ya chuma yenye urefu wa karibu mita 70. Ilipewa jina Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa gavana wa Kijerumani huku Afrika Mashariki wakati wa vita vya Maji Maji, kwa hiyo jina lenyewe halikuwa jina la amani. Meli ilipokwisha kujengwa, wakaifungua yote, kipande kwa kipande, wakaipanga ndani ya makasha karibu 5,000. Makasha yakapita baharini mpaka Dar es Salaam, halafu yakapakiwa kwenye reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914.

Pamoja na makasha walitumwa mafundi watatu wa kile kiwanda: Anton Rüter, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa watu wa nyundo na spana, waliokuja kuunga meli, kisha warudi kwao. Pale Kigoma walifanya kazi pamoja na mafundi Wahindi na vibarua Waafrika, waliobeba chuma na kupiga ribiti kwenye jua. Hadithi inayosimuliwa kila mara inataja Wazungu watatu tu. Mimi nawataja wale wengine pia, hata bila majina, kwa sababu ribiti haijipigi yenyewe.

Kazi ikiwa katikati, vita kuu ya kwanza ikaanza, mwezi wa 8 mwaka 1914. Waingereza wakafunga njia ya bahari. Mafundi wakawa hawana pa kupita. Wewe unayesoma hii ndani ya kambi unaelewa hiyo hali vizuri kuliko profesa yeyote: umekuja kwa muda mfupi, ukisema nitarudi tu, halafu mlango unafungwa nyuma yako.

Meli ikaingia majini mwezi wa 2 mwaka 1915, na katikati ya mwaka ule ikaanza safari. Sasa kazi ya kiraia ilikuwa imegeuka kazi ya vita. Walifunga mzinga juu yake, na ikawa meli kubwa kupita zote ziwani, ikibeba askari na mizigo. Ng'ambo, upande wa Kongo, Wabelgiji walikuwa Lukuga, pale tunapoita leo Kalemie. Waingereza nao walileta huko maboti mawili ya vita, Mimi na Toutou, wakiyavuta nchi kavu na kwa reli kutoka Cape Town. Kufika mwezi wa 2 mwaka 1916, Wajerumani walikuwa wamekwisha kupoteza meli mbili ndogo, Kingani na Hedwig von Wissmann.

Mwezi wa 7 mwaka huohuo maadui walikaribia Kigoma na reli. Amri ikatoka: meli izamishwe, adui asiipate. Mafundi walewale walioijenga ndio waliopewa kazi ya kuiua.

Hapa ndipo ninapompenda huyu fundi. Angeweza kuvunja mashine kwa nyundo, na hakuna mkubwa ambaye angemlaumu. Badala yake, yeye na wenzake walipaka injini grisi nzito kila mahali. Halafu meli ikajazwa mchanga na kuzamishwa taratibu, tarehe 26 Julai 1916, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Amri ilitimizwa. Lakini mashine ilikuwa hai.

Papa yangu ni fundi wa moteri za maboti. Kwa hiyo kazi alitulea sisi watoto sita, na mpaka leo hapa kambini anatengeneza jenereta za watu ndipo sisi tunakula. Yeye ndiye aliyenieleza maana ya ile grisi. Alisema, «Mwanangu, kutu inataka maji na hewa vigusane na chuma. Grisi ni nguo. Ukiivalisha mashine vizuri, maji yatakaa nje.» Tena maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari. Fundi alijua anachofanya.

Wabelgiji waliiinua meli baada ya vita, lakini ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiinua mwezi wa 3 mwaka 1924. Walipofungua, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini na jina jipya, Liemba, jina la zamani la sehemu ya ziwa. Hizo mashine za mvuke ziliendelea mpaka miaka ya 1970, ndipo zikawekwa za dizeli.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba ilirudisha maelfu ya wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Uvira. Papa alikuwa ndani. Anasema wengine walikuwa wanaimba, yeye akashuka kuomba aone injini. Baharia mmoja akamwachia achungulie. Papa alisikitika kidogo alipokuta dizeli! Na mwezi wa 5 mwaka 2015, ndugu zetu Warundi walipojaa Kagunga, mlima nyuma na ziwa mbele, ni Liemba tena iliyowabeba mpaka Kigoma, watu kama 600 kila safari.

Tuseme ukweli: Rüter hakupaka grisi kwa ajili yetu. Walitumaini Wajerumani watarudi kuichukua meli yao. Hawakurudi. Waliokuja kuipanda ni wachuuzi wa dagaa, wamama wenye watoto mgongoni, wakimbizi.

Nimeandika haya kwa sababu ya neno moja ninalolisikia kila siku katika kazi yangu ya kujitolea. Bomba la maji likilegea, kijana anasema: «Wacha livunjike, hapa si kwetu, tutaondoka.» Mimi pia nimewahi kusema hivyo. Ni kweli, hapa si kwetu. Hata Kigoma hakukuwa kwao Rüter. Kufunga ile nati dakika tano hakukufanyi mwenyeji. Kunamsaidia mama atakayekuja kuchota kesho, ambaye pengine leo bado yuko njiani anakimbia.

Kama nyumbani mwenu mko na mzee aliyepanda Liemba, muulize leo, kabla hajalala. Halafu mwaka na bandari aliyopandia, viandike hapa chini.