Safu ya Lugha: Hopsi si hamira

Wapika bia wa nyumbani siku hizi wanaita hopsi "hamira ya harufu". Hapana. Hamira, neno lililotoka Kiarabu, ndiyo inayochachusha: inakula sukari na kutoa kilevi. Chachu ni ndugu yake, ila hutajwa zaidi kwa masalia ya pombe ya jana yanayoanzishia ya leo. Mgema wa kijiji cha Ilagala hahitaji hamira ya dukani, maana tembo la mchikichi huanza kuchachuka lenyewe humo humo kibuyuni.

Hopsi, neno tulilolipata kwa Waingereza, ni maua ya mmea utambaao wa nchi za baridi, na hayachachushi kitu. Ukiyachemsha saa nzima yanaacha uchungu, lakini mafuta yake yenye harufu yanaruka na mvuke. Ukiyatia baada ya moto kuzimwa, harufu inabaki. Hapo ndipo penye majaribio mazuri, na yanastahili maneno sahihi. Tena bia ya hopsi nyingi isiitwe "kali" kwa sababu hiyo tu: hiyo ni chungu. Kali ni ile yenye kilevi kingi, na iliyoharibika kwa kukaa ni chachu, kwa maana ya ladha.