Nyumba Inayotembea: Kutoka Behewa la Kima Hadi Trela ya Mukuru

Kwa Makumbusho ya Reli hapa Nairobi kuna behewa la zamani ambalo watoto wa shule hupenda kulichungulia. Juni 1900, Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa Reli ya Uganda, alilala ndani yake pale Kima pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walikuja kumvizia simba aliyekuwa akiwala wafanyakazi wa reli. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, na usingizi ukamshinda. Simba aliingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga. Alitokea dirishani akiwa na Ryall mdomoni.

Watu husimulia hii kama hadithi ya simba. Mimi huisoma kama hadithi ya nyumba. Chumba chenye kitanda, juu ya magurudumu, kimepelekwa porini ili mkubwa alale bila kugusa nyasi: hiyo ndiyo ndoto ile ile ambayo leo fundi wa Mukuru kwa Reuben analetewa na mteja mwenye gari ya kupanda milima. Mteja anakuja na trela ya kawaida, ile ya kubeba mchanga, mawe ya mjengo ama jenereta. Anataka itoke hapo ikiwa na hema juu, jikoni nyuma, tangi la maji chini, na nguvu ya kufika Turkana bila kuvunjika.

Kabla ya magari, nyumba ya porini ilibebwa kwa kichwa. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda 1909, muda mfupi baada ya kutoka ikulu ya Marekani, safari yake ilianza Kapiti ikiwa na wapagazi zaidi ya 200. Kila mpagazi alikuwa na mzigo wa karibu kilo 27. Hema, kitanda, meza, chumvi ya kuhifadhi ngozi za wanyama, hata vitabu, vyote vilikuwa juu ya shingo ya mtu.

Gari ndilo lililobadilisha hesabu hiyo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, magari ya Marekani kama Buick, Hudson na Chevrolet yalianza kupatikana Nairobi. Bodi ya kiwandani haikufaa barabara zetu, kwa hivyo wengi walitaka chasisi na injini tu, kisha fundi wa hapa ajenge kisanduku cha mbao nyuma. Wazungu wa hapa waliliita gari hilo boksi-bodi. Nyuma mlikaa bunduki, maji, matairi ya ziada na matandiko. Wengi wa mafundi hao walikuwa Wahindi. Reli ilileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, na baadhi yao, pamoja na maseremala na wahunzi waliokuja baadaye, walibaki mjini na vifaa vyao. Picha za safari za miaka ya 1920 zimejaa majina ya wawindaji. Jina la aliyekata zile mbao huwezi kulipata.

Wakati huo huo Nairobi ilikuwa na gari lake lingine, lisilo na injini. Mkokoteni umepewa jina na kazi yake, kukokota. Chukua ekseli ya nyuma ya gari lililokufa, ivike magurudumu yake mawili, weka fremu ya mbao ama chuma juu yake, halafu toa mikono miwili mirefu mbele ambapo mtu ataingia kama punda. Ukiuangalia vizuri mkokoteni, unaona trela. Tofauti ni nani anavuta.

Baada ya uhuru, ujuzi huo ulihamia kwa matatu. Mwaka wa 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zilizokuwa zikihitajika, na mafundi wakapata kazi nyingi ya kuweka visanduku vyenye benchi juu ya pikapu. Ni boksi-bodi tena, ila sasa yaliyobebwa ni watu wanaoenda kazi. Mwaka mmoja kabla, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti kuhusu Kenya iliyowaambia wakubwa jambo ambalo kila mtu wa Gikomba alilijua: hawa watu si wazururaji, ni uchumi. Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji 1985, na baadaye wakajengewa vibanda vya kuwakinga na lile jua lililowapa jina. Jua kali likaingia kwa lugha ya serikali.

Sasa rudi kwa trela yetu. Kazi ya kuigeuza si urembo, ni mizani. Fundi anaanza na ekseli, kwa sababu trela ya mchanga imejengwa kwa lami na mwendo mfupi. Anainua springi ili tumbo lisiguse mawe. Anatafuta rimu zenye matundu sawa na ya gari litakalovuta, ndiyo tairi moja ya akiba iokoe pande zote mbili. Anarefusha chuma cha kuvutia, maana trela fupi huyumba na kukunjika haraka ukirudi nyuma. Halafu anapanga uzito: maji na chakula karibu na ekseli, na sehemu kama moja kwa kumi ya mzigo wote ikilalia ndoano ya gari. Ukiweka uzito mwingi nyuma, trela inaanza kucheza kama mkia wa samaki, na huko Marsabit hakuna wa kukuokoa. Beringi zinapakwa grisi upya. Mwishowe kuna karatasi, kwa sababu trela ikiingia barabarani Kenya inahitaji namba yake, ile inayoanza na Z.

Hakuna chochote hapo ambacho mtu aliyekua akitengeneza mikokoteni hakijui. Chuo nilikiacha kabla ya kumaliza, lakini najua kuna watu wa digrii ambao huhitaji siku nzima na kompyuta kueleza kile fundi hupima kwa kuinua ncha ya trela kwa mkono na kusema, "Hii itakusumbua."

Kuna kitu kinachonikaa kooni, lakini. Chumba cha kawaida cha mabati Mukuru ni futi kumi kwa kumi. Trela ikifunguliwa hema lake, familia ya mteja inapata nafasi inayokaribia hiyo, ikiwa na mfereji wa maji na taa za sola. Fundi akimaliza kuifunga hiyo mifereji, anarudi kwake ambako maji yanauzwa kwa mtungi na kuletwa kwa mkokoteni.

Na huku kwetu nyumba pia hutembea, ila mwenyewe haulizwi. Mwisho wa 2021, nyumba za maelfu ya majirani wetu wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipopita, tingatinga zilifuata kingo za mito, Mukuru kwa Reuben ikiwemo. Siku kama hizo mikokoteni haibebi maji. Inabeba mabati, mbao zenye misumari, godoro, jiko, na mtoto amekaa juu akishikilia televisheni. Kilichokuwa nyumba asubuhi kinapita Enterprise Road kikiwa mzigo, kwenda kusimamishwa kwingine.

Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Zaidi ya kaya 100,000 zilihesabiwa ndani ya mpango huo, na wakaazi wenyewe walikaa mikutanoni kuchora barabara, mabomba ya maji na mitaro. Barabara zingine tumeziona. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya hapa ina wenye hati ambao hawajawahi kulala hapa usiku mmoja, na hilo halitatuliwi na lami.

Kwa hivyo ukipita kibanda cha weldingi na uone trela imegeuzwa keja ya kwenda Turkana, simama uitazame. Ni kazi nzuri, na ina historia ya zaidi ya miaka 100 ndani yake. Halafu muulize fundi nyumba gani ni ngumu zaidi kujenga. Hiyo yenye magurudumu anaweza kuimaliza mwezi huu. Ile isiyohama bado anaingoja.